Je, Ni Halali Kuficha Dawa?

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo kitamwumbua. Neno hilo twalirudia kila siku tunapowahimiza wagonjwa waende zahanati kabla hali haijawa mbaya. Lakini wazee hawakutuambia ni nini kitakachompata yule afichaye dawa. Swali hilo ndilo tutakalo kulitafakari leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, kwa kuwa lahusu nyumba nyingi za Wakristo katika nchi yetu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu. Katika kijiji kimoja aliishi bibi mmoja, Mkristo mwema, aliyejulikana kata nzima kwa dawa yake ya vidonda vya miguu. Watu walifika kwake wakichechemea, na baada ya majuma machache walirudi kulima. Alfajiri bibi huyo alikwenda porini peke yake, akachimba mizizi, akachuma majani, kisha akavitwanga ndani, mlango ukiwa umefungwa. Wajukuu walipomwuliza ni mti gani, aliwajibu kwamba wakati wao haujafika. Alikusudia kumwambia mmoja wao siku yake ya mwisho. Lakini kifo hakipigi hodi. Alianguka shambani, akazikwa kesho yake kwa Misa nzuri yenye waimbaji wengi, na dawa yake ikazikwa pamoja naye. Wagonjwa waliofika majuma yaliyofuata waliukuta mlango umefungwa. Leo hakuna ajuaye kama mti ule ulikuwa mmoja au miwili, wala kama ulikuwa na nguvu kweli, ama vidonda vilipona kwa kuwa bibi alijua kuviosha vizuri. Hata hilo hatutalijua kamwe.

Je, bibi huyu alitenda dhambi? Tusikimbilie kujibu.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja. Wako Wakristo wanaodhani kwamba dawa ya miti ni jambo la kipagani, na dawa ya hospitali ndiyo ya Kikristo. Sivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na mtu mwenye akili hazidharau. Msamaria mwema aliyatia majeraha ya yule mtu mafuta na divai. Vyote viwili ni mazao ya miti. Tena dawa nyingi tunazopewa hospitali zilianza safari yake porini. Liko ua dogo la rangi ya waridi, lenye majani ya kung'aa, ambalo asili yake ni Madagaska, nalo huota mchangani pwani na kupandwa mbele ya nyumba zetu. Wengi hulipita bila kulitazama. Katika ua hilo imepatikana vinkristini, dawa inayowatibu watoto wenye saratani ya damu na wale wenye ule uvimbe mbaya wa taya ambao umewaua watoto wengi katika Afrika Mashariki.

Kinachokatazwa na Kanisa ni kingine: ramli, hirizi, kafara kwa mizimu, na kumtaja jirani kuwa mchawi. Mti hauna dini. Walakini hapa ndipo siri ionyeshapo hatari yake ya kwanza. Mahali penye giza, mwenye dawa na mwenye ramli hufanana, wala mgonjwa hawezi kuwatenganisha. Dawa ya kweli haina sababu ya kuogopa mwanga, udanganyifu unayo.

Ili tuuone uzito wa swali letu, natutazame historia ya dawa moja ambayo watu wazima wa nchi hii waujua uchungu wake, yaani kwinini. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, walilijua gome la mti huo. Wamisionari Wajesuiti walijifunza habari zake kwao, na katika karne ya 17 gome hilo likavuka bahari hadi Roma. Roma ya wakati ule ilizungukwa na mabwawa, na homa iliwaua maskini na wakubwa pasipo ubaguzi. Katika habari za gome hilo twakutana na watu watatu, na kila mmoja wao atufundisha jambo juu ya siri ya dawa.

Wa kwanza ni Kardinali Juan de Lugo, Mjesuiti kutoka Hispania. Alipopata hakika kwamba gome lile laponya homa, alilinunua kwa fedha zake, nalo lilikuwa ghali sana, akawagawia maskini wa Roma bure. Wala hakuwaacha walimeze kwa kubahatisha. Duka la dawa la Wajesuiti mjini Roma lilichapisha karatasi ya kueleza kipimo cha unga huo, na jinsi ya kuunywa pamoja na divai, ili kila mganga wa Ulaya ajue. Kwa sababu hiyo watu waliuita unga wa Kardinali, na wengine unga wa Wajesuiti.

Wa pili ni Mwingereza, jina lake Robert Talbor. Huyu alijifunza kazi katika duka la dawa, kisha akajitangaza kuwa mtabibu wa homa mwenye dawa yake ya siri. Waingereza wengi wa wakati ule hawakutaka kusikia habari za unga wa Wajesuiti, kwa chuki ya dini. Talbor aliitumia chuki hiyo kwa werevu. Katika kitabu chake cha mwaka 1672 aliwaonya watu juu ya unga ule. Akamponya Mfalme Charles wa Pili, akapewa cheo. Akaenda Ufaransa, akamponya mwana wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Mfalme wa Ufaransa aliinunua siri yake kwa fedha nyingi, kwa sharti kwamba isitangazwe mpaka Talbor afe. Talbor alikufa mwaka 1681. Mwaka uliofuata siri ikachapishwa, na ulimwengu ukashangaa: dawa yake ilikuwa gome lilelile la Wajesuiti, lililotiwa katika divai ili ladha yake isitambulike. Mtu huyu alijua ukweli, akauponya nao mwili wa mfalme, na papo hapo akawaogopesha maskini wasiuguse. Ni wangapi waliokufa na homa katika miaka hiyo, huku dawa ikiwa sokoni? Mungu peke yake ajua hesabu hiyo, naye ataidai.

Wa tatu hakuwa kardinali wala mtabibu wa wafalme. Aliitwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, aliyeijua misitu ya miti ya kwinini kama sisi tujuavyo mashamba yetu. Alimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Wakati huo serikali za nchi zile zilikataza kutoa mbegu nje. Mamani alingoja misimu kadhaa mpaka ile miti bora, ambayo yeye aliweza kuitambua kwa macho, ikazaa mbegu njema; na mwaka 1865 akazifikisha kwa bwana wake. Ledger alizipeleka London, serikali ya Uingereza ikazikataa. Waholanzi wakanunua ratili moja hivi, wakaipanda katika kisiwa cha Java. Mbegu hizo zilitoa miti yenye kwinini nyingi kuliko yote iliyojulikana, hata kabla ya Vita Kuu ya Pili Java ilikuwa ikitoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini ya ulimwengu. Na Mamani je? Alipokwenda tena kutafuta mbegu alikamatwa, akatiwa gerezani, akapigwa vibaya, akafa mwaka 1871. Wataalamu waliupa mti ule jina la Ledger. Jina la mtu aliyeutambua msituni halikuandikwa juu yake.

Basi tukumbuke: Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti pale Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na kupanda humo miti ya kwinini, na wakulima wa Kivu walipouza magome yao kiwandani Bukavu, na mama zetu walipotushika kichwa watumezeshe kile kidonge kichungu, nyuma ya yote hayo palikuwapo wenyeji wa misitu ya mbali ambao hatukuwashukuru kamwe.

Sasa twaweza kumrudia bibi yetu. Mtu akitaka kumhukumu, na aseme kwanza ni nani afananaye naye kati ya hao watatu. Hakuwa Talbor, kwa maana hakumdanganya mtu wala hakutajirika. Malipo yake yalikuwa kuku, au kilo ya sukari, na mara nyingi asante tu. Walakini hakuwa de Lugo pia, kwa maana hakuwaachia wengine alichokijua.

Kwa nini alificha? Tukiwa wakweli, tutaona kwamba sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Alikuwa ameapishwa na mama yake asimwambie mtu ovyo. Alijua kwamba mizizi mingine ni sumu mikononi mwa mjinga. Alisikia habari za watu kutoka mjini waliofika vijijini wakiuliza majina ya miti, wakaandika, wakaondoka, wasionekane tena. Na zaidi ya hayo yote, alituogopa sisi. Ndiyo, sisi Wakristo wenzake. Alijua kwamba siku atakapoonekana hadharani na jembe na kapu la mizizi, wako watakaonong'ona mlangoni pa kanisa kwamba bibi huyo ni mchawi. Nasi twajua jinsi wanawake wazee walivyouawa katika sehemu za nchi yetu kwa manong'ono ya namna hiyo. Mlango wake haukufungwa na ubahili pekee. Sisi tuliusukuma kutoka nje.

Katika mfano wa talanta, mtumwa aliyeificha talanta ardhini hakuwa mwizi. Alimwambia bwana wake kwamba aliogopa. Bwana hakuikubali hofu hiyo kuwa udhuru, kwa sababu talanta ilikuwa yake, na mtumwa alikuwa mwekaji tu. Hapa twalipata jibu la swali letu. Ujuzi wa dawa ni amana. Mwenye nao ana haki ya kuheshimiwa kwa ajili yake na kupata riziki kwao, lakini hana haki ya kuufanya ukome pamoja naye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mafundisho yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikumbusha kwamba Mungu ameikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa manufaa ya watu wote. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa shamba na fedha, itakuwaje kwa mti uwezao kumwondoa mtu mautini? Anayeuficha kwa tamaa huku jirani yake akifa, atenda dhambi kubwa. Anayeuficha kwa hofu, hatia yake ni nyepesi, na pengine haipo kabisa. Lakini hasara ni ileile, na yule aliyemtia hofu ana sehemu yake katika hatia.

Tazameni kinyume chake. Katika karne ya 4, huko China, mtu mmoja aitwaye Ge Hong aliandika kitabu cha dawa za dharura. Ndani yake aliandika kwamba mwenye homa ya vipindi atwae konzi moja ya mmea fulani wa jamii ya pakanga, auloweke katika maji, aukamue, anywe maji yake yote. Hakujua ni kitu gani ndani ya jani kilichofanya kazi, alichokijua alikiandika. Maandishi hayo yakakaa zaidi ya miaka 1,600. Mwaka 1971 mtaalamu wa kike, Tu Youyou, aliyekuwa akitafuta dawa mpya ya malaria na kushindwa mara nyingi, aliyasoma. Akagundua kwamba mzee yule hakusema mmea uchemshwe. Kumbe moto ndio uliokuwa ukiiharibu nguvu yake. Yeye na wenzake walijaribu dawa hiyo kwanza katika miili yao wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto tunayopewa zahanati hivi leo inatoka katika mmea huo. Ge Hong hakuwa Mkristo, lakini ametuaibisha. Aliandika konzi moja ya majani, na watoto wa Afrika wamepona.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba kufichua kwatosha. Dawa iliyotangazwa pasipo kupimwa yaweza kuua sawasawa na ile iliyofichwa. Mnakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Hapo mti haukufichwa, wala bei haikuwa ya kunyonya, nasi hatumshitaki mtu kwa ulaghai. Lakini wako waliokufa njiani na katika foleni, na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona, wakarudi nyumbani kufa. Upendo usiopima si upendo kamili. Kwinini yenyewe ikizidi huvuruga masikio na macho. Na ule mmea wa pakanga, mtu akiunywa kama chai nyumbani, hapati kipimo kamili. Vimelea vya malaria vyaweza kusalia na kuzoea dawa, na kesho dawa mseto ikashindwa kumponya mtoto wa jirani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumike kutibu malaria.

Kwa hiyo twaona wajibu tatu zilizofungamana. Mwenye kujua aseme. Mwenye kupokea apime. Mwenye kufaidika alipe. Ukiondoa mmoja, mbili zilizosalia zaharibika. Ukisema bila kupima, waua. Ukipima na kuuza bila kumlipa aliyekuonyesha mti, umefanya yale aliyoyalaani Mtakatifu Yakobo aliposema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Tena wamfundisha mwenye siri inayofuata kufunga mlango wake kwa makufuli mawili.

Ulimwengu umeanza, ijapokuwa polepole, kulitambua deni hilo. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 wadai kwamba anayechukua mimea na ujuzi wa wenyeji aombe ruhusa na kugawana faida nao. Katika nchi yetu iko sheria ya mwaka 2002 inayoitambua tiba ya asili na kuiwekea baraza lake, na pale Muhimbili utafiti wa dawa za miti umefanywa tangu mwaka 1974. Njia zipo. Lakini hakuna mkataba uwezao kumlinda bibi ambaye jirani zake wanamwita mchawi, wala hakuna mtafiti awezaye kuupima mti ambao jina lake limeingia kaburini.

Ninyi wazazi mlio na ujuzi huo, msingoje siku ya mwisho. Mtwaeni mwana au mjukuu mwenye tabia njema, mwende naye porini, mwonyesheni mti kwa jani, kwa gome na kwa ua lake. Mwambieni kipimo, na mwambieni pia hatari yake na ni lini yampasa kumpeleka mgonjwa hospitali. Aandike katika daftari pamoja na jina lenu, ili siku mti huo utakapopimwa, ijulikane nani aliyeutunza. Mkichimba mizizi, msimalize mti. Mgonjwa wa mwaka ujao naye ni jirani.

Ninyi vijana mliosoma, msicheke. Elimu mliyoipata shuleni ina mizizi yake katika konzi za majani za wazee wasiojua kusoma. Ulizeni kwa heshima, na msiahidi msichoweza kutimiza. Ninyi madaktari na wauguzi, mgonjwa akiwaambia ametumia dawa ya miti, msimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho ataficha, nanyi mtamtibu gizani. Nasi sote katika jumuiya zetu, tukisikia neno uchawi likitajwa juu ya mama mzee mwenye kapu la majani, tulikatae palepale, kwa sauti, bila kungoja Padre aje kutusemea.

Mganga hajigangi, walisema wazee. Atakuja mwingine kumtibu. Na yule mwingine atamtibu kwa ujuzi gani, ikiwa kila mmoja ameuficha wake? Msamaria mwema hakuuliza siri ya mafuta yake itauzwa shilingi ngapi. Aliyamimina jerahani, akamfikisha mgonjwa mahali pa kutunzwa, akamlipa mwenye nyumba, na akaahidi kurudi kulipa kilichopungua. Alitoa, akahakikisha, akalipa. Bwana wetu alipomaliza kusimulia hayo, alimwambia aliyemwuliza aende akafanye vivyo hivyo; na neno hilo lamhusu mwenye mti kama limhusuvyo mwenye kidonge.

Bibi yetu amelala, na Mungu mwenye huruma ajua moyo wake. Lakini katika kijiji chako, msomaji mpenzi, yuko mwingine aliye hai. Nenda kamsalimu leo, kaa naye kibarazani, umwulize habari za mti wake.